Ziara za Vyuo Tulizofanya na Mama Nikiwa Darasa la 12, Kentucky

Watoto wengi wa Kikongo ninaowajua hapa Lexington, Kentucky, humaliza darasa la 12 wakiwa wameomba chuo kimoja tu, kile wanachokiona kila siku wakipita na basi. Si kwamba hawana alama. Nyumbani hakuna mtu aliyewahi kuingia chuo kingine hata kwa kutembea, na mzazi hamruhusu mtoto akalale mahali asipopajua. Mimi pia nilikuwa naelekea huko huko. Naandika haya kwa sababu mdogo wangu sasa yuko darasa la 11 na nimechoka kumweleza jambo moja moja jikoni, na kwa sababu Jumapili baada ya ibada hakosekani mama wa kunivuta pembeni na kuniuliza, "Ninyi mlifanyaje?"

Nilizaliwa Nyarugusu, kambi iliyoko Kasulu, mkoani Kigoma. Wazazi walivuka Ziwa Tanganyika wakitokea Fizi. Tulipofika Marekani nilikuwa bado mtoto wa shule ya msingi. Baba yuko kiwandani zamu ya usiku, Mama anasafisha vyumba vya hoteli. Yaya, dada yangu mkubwa, alisoma chuo cha jamii cha hapa hapa mjini, Bluegrass, akapata kazi ya kuhudumia wazee. Hakuna aibu katika njia hiyo: ni ya bei nafuu, na ukisoma miaka miwili pale unaweza kuhamia chuo kikuu. Kinachomuuma Yaya ni kwamba hakuchagua. Ndiyo maana mwaka 2022, nilipoingia darasa la 12, yeye ndiye aliyeshika usukani, na nasema hivyo nikimaanisha usukani wa gari kwelikweli, maana gari letu lilikuwa moja na Mama haendeshi.

Nianze na kalenda, kwa sababu ndiyo itakayokubana. Fomu ya Common App, ambayo vyuo vingi huitumia, hufunguliwa tarehe 1 Agosti. Fomu ya serikali ya kuomba msaada wa fedha, FAFSA, mwaka ule ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba. Maombi ya mapema katika vyuo vingi hufungwa tarehe 1 Novemba, ya kawaida mwanzoni mwa Januari au baadaye kidogo. Halafu tarehe 1 Mei ndiyo siku ambayo kwa desturi mwanafunzi hutakiwa kusema anaenda wapi. Sasa ukihesabu kurudi nyuma utaona kwamba mwanafunzi wa darasa la 12 ana Septemba na Oktoba tu za kutembelea vyuo kabla hajaomba. Wenzangu Wamarekani walikuwa wameshamaliza ziara zao msimu wa kuchipua wakiwa darasa la 11. Mimi hata sikujua kuna kitu kinaitwa hivyo mpaka mshauri wa shule aliponiuliza nimetembelea wapi, nikafikiri anauliza habari za likizo.

Kiangazi watu wengi husema ndio wakati mzuri kwa sababu shule zimefungwa. Mimi sikubaliani nao. Chuo kisicho na wanafunzi ni majengo na nyasi, na nyasi za Kentucky ni nzuri kila mahali. Huwezi kujua wanafunzi wanaongea vipi, wanakula na nani, wewe mweusi mwenye lafudhi utaketi wapi. Ukiweza, nenda siku ya kazi, wakati masomo yanaendelea.

Kabla ya kuweka miadi yoyote, Yaya alinikalisha mbele ya kompyuta na kikokotoo cha gharama halisi. Tangu 2011 sheria inavitaka vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu viwe na kikokotoo hicho kwenye tovuti zao. Unaingiza kipato cha wazazi, idadi ya watu nyumbani, wakati mwingine na alama zako, kinakupa makadirio ya kile ambacho familia yako ingelipa baada ya ruzuku. Si bei iliyoandikwa mbele ya duka, ni ile ya baada ya kupatana. Tulishangaa: chuo kimoja cha binafsi ambacho bei yake ilitutisha kilitoka nafuu kuliko kile cha umma cha jimbo jirani. Orodha yetu ilipungua papo hapo, na hiyo ilituokoa mafuta. Usisafiri kwenda kukipenda chuo ambacho kikokotoo kimeshakukatalia.

Kwa wanaosoma Kentucky kuna jambo jingine la kuweka mezani. Jimbo lina fedha ziitwazo KEES, unazojichumia kwa alama zako za sekondari mwaka hadi mwaka. Mwenye wastani wa juu kabisa miaka yote minne hufikisha dola 2,000 kwa kila mwaka wa chuo, na alama nzuri za mtihani wa ACT huongeza hadi dola 500. Lakini kwa kawaida unazitumia chuo cha ndani ya jimbo. Kwa hiyo tulipojadili kwenda kuona chuo Ohio, Yaya aliniuliza hizo fedha nitaziacha kwa nani.

Miadi yenyewe huwekwa bure kwenye tovuti ya ofisi ya udahili. Kwa kawaida unapata maelezo ya kama saa moja ukumbini, halafu mwanafunzi anawatembeza kwa saa moja hivi au zaidi, akitembea kinyumenyume huku anaongea. Siku za Oktoba hujaa haraka. Na kabla hujabonyeza, angalia mji unaokwenda una nini siku hiyo. Hapa Lexington mbio za farasi za Keeneland hufanyika Aprili na Oktoba, na siku ya mpira wa miguu wa Kimarekani mji mzima unageuka maegesho. Louisville usijaribu kutafuta hoteli wikiendi ya kwanza ya Mei, wakati wa Derby, mbio zao kubwa za farasi. Mama anayajua haya vizuri kuliko mtu yeyote, kwa sababu ndizo siku ambazo hoteli yake humwongezea vyumba vya kusafisha.

Shuleni, omba ruhusa mapema. Shule nyingi huhesabu siku ya kutembelea chuo kuwa ruhusa halali ukileta barua yenye saini ya ofisi ya udahili. Barua hiyo haitolewi kama hukuiomba. Iombe asubuhi unapojiandikisha mapokezi, siyo mwisho wa ziara wakati kila mtu anakimbilia gari. Kujiandikisha kwenyewe pia usikupuuze. Vyuo vingine huhesabu kama umeonyesha nia ya kweli, vingine havijali kabisa. Ukitaka kujua chuo chako kiko upande gani, tafuta waraka uitwao Common Data Set wa chuo hicho, sehemu ya C7, pale panapoorodheshwa wanachokipima kwa mwombaji.

Gharama ambayo hakuna tovuti iliyotuambia ni siku ya kazi. Mafuta tuliyaweza. Chakula Mama alipika: ugali na sombe kwenye ndoo ya aiskrimu, tukala ndani ya gari kwenye maegesho ya wageni, vioo vimefunguliwa ili nguo zisibaki na harufu. Lakini Mama akikosa siku moja hotelini, siku hiyo hailipwi. Ukijumlisha siku zake, ni pesa nyingi kuliko mafuta ya safari zote. Kwa hiyo kila chuo kilitakiwa kustahili siku moja ya mshahara wa Mama, na hicho ni kipimo kikali kuliko kikokotoo.

Mtu anaweza kusema, basi ungeenda peke yako na mwalimu. Shule yetu ilikuwa na ziara ya pamoja kwa basi na nilikwenda nayo chuo kimoja. Niliporudi nilimsimulia Mama kwa saa nzima, na picha nikamwonyesha. Alisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Sawa. Na mlango wa chumba unafungwa na nini?" Sikuwa na jibu. Nikaelewa kwamba mimi naona maktaba, yeye anaona mlango. Kwa familia kama yetu, anayehitaji ziara hii ni mzazi. Mtoto atapenda karibu chuo chochote chenye sehemu ya kahawa. Anayetakiwa kulala usiku bila wasiwasi ni Mama.

Safari ya kwanza ndefu ilikuwa Bowling Green, kwenye chuo kikuu cha Western Kentucky, kilichojengwa juu ya kilima. Kutoka Lexington ni kama saa mbili na nusu kwa gari: unachukua njia ya Bluegrass Parkway mpaka Elizabethtown, kisha unashuka kusini kwa I-65. Bowling Green ina wakimbizi wengi, Waswahili wakiwemo, na Mama alikuwa na shoga yake wa Nyarugusu anayeishi huko. Hilo peke yake lilikifanya chuo kiwe cha kwanza kwenye orodha yake.

Miadi ilikuwa saa nne asubuhi. Tuliondoka saa moja kamili, tukafika tukaona ofisi ndiyo kwanza zinafunguliwa. Bowling Green hufuata saa za kati, moja nyuma ya Lexington. Simu yangu ilijibadilisha yenyewe tulipovuka, lakini Yaya alikuwa anatazama saa ya gari. Asubuhi ilikuwa faida: tulipanda kilima polepole, Mama akavuta pumzi, tukanywa chai ya chupa. Wakati wa kurudi ndipo tulipolipa. Tulimaliza saa nane mchana ya kule, ambayo nyumbani ni saa tisa, na Baba alihitaji gari kwenda kazini kabla ya saa kumi na mbili. Mama alikaa kiti cha mbele akimhimiza Yaya kwa Kibembe tangu Elizabethtown mpaka getini. Baba tulimkuta amesimama nje na mfuko wake wa chakula begani, akaingia gari likiwa bado linanguruma. Ukitembelea magharibi ya jimbo hili, au Tennessee ya kati, uliza miadi ni saa za wapi na ufanye hesabu ya kurudi pia.

Lakini ziara yenyewe ilikuwa nzuri, na sababu ni simu moja. Nilipiga ofisi ya udahili mapema nikawaambia mama yangu haongei Kiingereza, je, kuna mtu wa Kiswahili? Nilitegemea waniambie nitafsiri mwenyewe. Wakamtafuta mwanafunzi wao, kijana aliyezaliwa Uvira, akatembea na Mama nyuma ya kundi zima. Sijui walizungumza nini chote. Najua alimwita Mama "mama" na si jina lake kwenye karatasi, akambebea mkoba kwenye ngazi, na alipoulizwa mlango unafungwa na nini alitoa kadi yake mfukoni akamwonyesha. Omba mkalimani. Wakikosa, hujapoteza kitu, na jinsi wanavyokujibu kwenye simu itakuonyesha watakavyokujibu ukiwa na shida mwezi wa pili wa masomo.

Chuo kikuu kilichofuata, ambacho sitakitaja, hawakuwa na mtu wa Kiswahili, kwa hiyo mkalimani nilikuwa mimi. Na mkalimani mwenye masilahi ni hatari. Mtembezaji alituingiza bwenini, akaeleza kwamba kila ghorofa ina wavulana na wasichana, vyumba tofauti lakini korido moja. Nikamgeukia Mama nikamwambia, "Anasema bweni lina ghorofa sita na lifti." Mama akaitikia kwa kichwa. Hatukufika mbali. Mlango wa mbele yetu ulifunguliwa, akatoka kijana kafunga taulo kiunoni, ndala miguuni, kikapu cha sabuni mkononi, akatusalimia kwa furaha kabisa na kupita. Mama alimfuata kwa macho mpaka mwisho wa korido. Kisha akanitazama. "Lifti," akasema.

Ndani ya gari hakukuwa na mazungumzo. Chuo kile kilikufa siku ile, na kusema kweli hakikustahili kufa, kwa sababu vyuo vingi vyenye korido za mchanganyiko vina pia mabweni ya wasichana peke yao au ghorofa za wasichana, ukiomba. Ningeuliza hilo mbele yake, angelisikia jibu. Kwa hiyo kama wewe ndiye mkalimani, tafsiri yote, hata yale yatakayokuletea kesi nyumbani. Mzazi akigundua umemficha kimoja atahesabu umemficha kumi.

Sasa niongee habari ya fedha, na hapa ndipo naomba usome polepole.

Chuo kimoja cha binafsi kilitupokea kama wageni wa harusi. Walituandalia chakula cha mchana bure kwenye ukumbi wa wanafunzi, Mama akazungukia meza za vyakula akionja hiki na kile. Baadaye afisa mmoja wa msaada wa fedha akatukalisha na karatasi ya mfano wa familia kama yetu. Juu gharama ya mwaka, chini orodha ya "msaada", na mwisho kabisa sifuri. Mama aliiona ile sifuri akashika mkono wangu. Afisa akaanza kuzungumzia tarehe ya kutuma maombi. Yaya, aliyekuwa kimya muda wote, akaweka kidole juu ya karatasi na kuuliza kwa Kiingereza chake cha nyumba ya wazee: kati ya hizi pesa, zipi tutazirudisha?

Ikawa kimya kidogo. Ruzuku ya serikali, Pell, hairudishwi. Mwaka wangu wa kuingia chuo kiwango chake cha juu kilikuwa dola 7,395. Ufadhili wa chuo haurudishwi, ila una masharti ya alama, na ukishuka unaondolewa. Mkopo wa serikali wa mwanafunzi unarudishwa. Kwa mwaka wa kwanza, anayetegemea wazazi, mwisho wake ni dola 5,500. Na mstari mkubwa kuliko yote, uliofanya ile sifuri itokee, ulikuwa mkopo wa mzazi, Parent PLUS. Ule angedaiwa Mama mwenyewe, kwa jina lake, na riba. Kwenye karatasi ulipangwa safu moja na ruzuku, kwa maandishi yale yale. Angekuwa amekaa pale peke yake na mimi nikitafsiri neno "msaada" kila mara lilipotamkwa, angetia saini siku yoyote waliyomwambia.

Swali hilo la Yaya nimewafundisha watu wengi tangu wakati ule. Kuna mengine mawili ya kuongeza: ufadhili huu unatakiwa nipate wastani gani ili uendelee mwaka wa pili, na kama nikipata ufadhili wa nje, mtapunguza wa kwenu? Majibu yaandikwe. Kama wanasema watakutumia barua pepe, waambie uko tayari kusubiri waandike sasa.

Kuhusu hati, waliokuja kama wakimbizi na wenye grini kadi wana haki ya kuomba msaada wa serikali kuu kwa FAFSA. Kesi ya hifadhi ambayo haijaamuliwa ni habari nyingine. Mwenye nayo aulize kila chuo fedha zake chenyewe kabla ya kufunga safari.

Berea tulikwenda mwisho, na tulikwenda kwa sababu ni karibu. Ni chini ya saa moja kusini mwa Lexington kwa I-75, hakuna kubadilisha saa, Baba alilala na kuamka tukiwa tumesharudi. Nilikuwa nimesoma kwamba chuo kile hakitozi mwanafunzi wake yeyote ada ya masomo tangu mwaka 1892, nikadhani kuna ujanja. Kwa nini watu hawakimbilii? Mshauri wa shule alinieleza kwamba wanapokea wanafunzi wa familia zenye kipato kidogo, na kwamba kila mwanafunzi hufanya kazi chuoni, angalau saa 10 kwa wiki, sambamba na masomo. Ada ndiyo haipo. Bweni, chakula na michango mingine ipo, na familia huchangia kulingana na uwezo wake, kwa hiyo usimwambie mzazi neno "bure" halafu bili ikaja.

Aliyetutembeza alikuwa msichana wa milima ya mashariki ya Kentucky. Alisema kazi yake ya mwaka wa kwanza ilikuwa karakana ya mifagio. Mama akaniuliza kama nimetafsiri vizuri. Tukaingia tukaona: mifagio ya rangi inaning'inia ukutani, mwanafunzi amekaa kwenye benchi anafunga nyuzi kwenye mpini huku kitabu kimefunuliwa pembeni. Mama aliuchukua mmoja, akaupindua, akaupima kwa vidole vyake vinavyozijua fagio za kila aina, akauliza bei. Alipoambiwa akaurudisha taratibu mahali pake. Lakini tulipotoka nje, kwa mara ya kwanza katika ziara zote, yeye ndiye aliyekuwa anauliza na mimi nikikimbizana kutafsiri. Wanaamka saa ngapi? Ukiugua nani anafanya kazi yako? Na hao weusi, walianza kupokelewa lini?

Msichana akaeleza bila kuzunguka. Chuo kilianzishwa 1855 na mhubiri aliyepinga utumwa, John G. Fee, na baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe weusi na weupe walisoma pamoja hapo. Mwaka 1904 jimbo la Kentucky likapitisha sheria ya kuwatenganisha, chuo kikashtakiwa, kikakata rufaa mpaka Mahakama ya Juu ya nchi na kikashindwa mwaka 1908. Carter G. Woodson, yule mwanahistoria wa watu weusi, alikuwa amemaliza hapo 1903, mwaka mmoja tu kabla mlango haujafungwa. Ulifunguliwa tena 1950. Kisha akatusomea kaulimbiu ya chuo, kwamba Mungu aliwafanya watu wote wa dunia kwa damu moja, nami sijamaliza kutafsiri Mama akasema, "Matendo ya Mitume, kumi na saba, ishirini na sita." Msichana akauliza amesema nini. Nikamwambia. Akamkumbatia Mama palepale njiani, na Mama, ambaye hakumbatiwi na watu asiowajua, alikubali.

Pamoja na hayo yote, sikutaka tuondoke na moyo uliojaa bila kuuliza mambo madogo. Niliomba kukaa nusu saa na wanafunzi bila mtembezaji. Hawa ndio wa kuulizwa nani anasuka nywele na kwa bei gani, duka la unga wa muhogo liko wapi (jibu: Lexington), nani hubaki bwenini wakati wa likizo ya Desemba kama kwao ni mbali, basi linatoka lini, Jumapili wanaabudu wapi. Mtembezaji ni mtu wa ofisi, hata akiwa mzuri kama yule wetu. Mwanafunzi anayekula chipsi peke yake hana sababu ya kukudanganya.

Kwa asiye na gari, au ambaye chuo anachokitaka kiko mbali, mlango haujafungwa. Vyuo vingine vinavyochagua sana hulipa nauli, malazi na chakula kwa wanafunzi wa kipato kidogo waje kukaa siku chache: Bowdoin, Williams na Amherst ni baadhi yao. Maombi yake hufungwa mapema, mengine wakati wa kiangazi kabla hujaanza darasa la 12, na ndiyo maana mimi niliyakosa na mwenzangu mmoja wa darasani akapanda ndege kwenda Maine bila kutoa senti. Mdogo wangu nimeshamwekea tarehe kwenye simu. Ziara za mtandaoni pia zipo, fanya, lakini fanya ukiwa na mzazi pembeni, na kamera isipofika bwenini waandikie uombe mwanafunzi awapigie video.

Majibu yalikuja kati ya majira ya baridi na Machi. Bowling Green walinipokea, Berea walinipokea, kile chuo cha binafsi walinipokea na kunitumia ile sifuri yao kwa barua nzuri. Baba, ambaye hakuwa ameona chuo hata kimoja, aliweka barua zote mezani, akachukua kalamu, akauliza mstari kwa mstari: hii inarudishwa? hii? Mama alitaka Bowling Green kwa sababu ya shoga yake. Mimi nilitaka Berea. Tulivutana wiki kadhaa, na sitadanganya kwamba yalikuwa mazungumzo ya upole.

Kilichotuamua ni ziara ya pili ya Berea. Aprili vyuo huwa na siku za waliokubaliwa, na hizi nazithamini kuliko zile za vuli, kwa sababu sasa wao ndio wanaokuomba wewe. Uliza chochote, omba kuingia darasani, omba kulala usiku mmoja bwenini kwa mwenyeji. Safari hii alikuja Baba, akiwa hajalala tangu zamu. Hakuuliza habari za mlango wala korido. Aliomba aonyeshwe mahali ambapo ningefanya kazi, akatembea mpaka huko, akamsalimia msimamizi kwa mikono miwili, akatazama viti na taa. Wakati wa kurudi alisinzia mpaka Lexington, na tuliposhuka akamwambia Mama kwamba ameridhika.

Kuna jambo la mwisho ambalo wengi hawajui. Chuo unachokubali mara nyingi hudai amana kabla ya tarehe 1 Mei ili kukuwekea nafasi, na bweni linaweza kuwa na amana yake peke yake. Kama inawashinda, usikae kimya mpaka tarehe ipite: piga simu udahili, waambie ulisamehewa ada ya maombi au ya ACT, uombe amana nayo isamehewe au isogezwe mbele. Mshauri wako wa shule anaweza kuandika barua ya kuthibitisha. Na ukishakubali kimoja, viandikie vile vingine kwamba huendi, maana kuna mtoto mwingine yuko kwenye orodha ya kusubiri nafasi hiyo hiyo.